Kijua cha Bi Sebule

Habari kwamba Kiwembe kamnyoa Mwalimu Mstaafu ngazi zilifika nyumbani kabla ya Kiwembe mwenyewe. Zililetwa na Mama Mkaa, muuza mkaa wa pale kona, ambaye alikuwa hajakaa sawasawa kwenye kigoda chake alipoanza kujipiga mapaja.

“Shoga, usinione mbaya. Mimi mwenyewe nimecheka nikatubu. Chini huku kwenye kisogo, safi, laini kama yai. Lakini kuanzia masikioni kwenda juu, vidato! Kimoja, na kingine, na kingine. Mdudu akitaka kupanda utosini kwa Mwalimu hapati taabu, anakwea tu.”

“Na Mwalimu kasema nini?”

“Kasema ahsante. Kisha kavaa kofia. Jua lote hili, kofia ya sufi!”

Bi Sebule aliacha kukunja nguo. Mwalimu Mstaafu hakuwa mtu wa kofia. Kichwa chake kirefu, juu ya mwili mrefu, ndicho kilichokuwa tangazo la Kiwembe mtaani. Watu walimwona akipita wakauliza, umenyolewa wapi, naye akanyoosha kidole kwenye kile kibanda cha kinyozi mkabala na duka la dawa, kiti cha dirishani. Huyo ndiye Kiwembe, na jina hilo hakujipa. Alipewa na vichwa vya watu.

Mkewe naye jina alipewa na watu. Waliita nyumba yao “sebuleni” kama vile mtaa mzima haukuwa na sebule nyingine, na mwenye nyumba akawa Bi Sebule. Kulikuwa na viti viwili vya mbao vyenye mito ya vitambaa vya viraka, benchi moja linalolalamika ukilikalia, na kigoda kifupi cha miguu mitatu ambacho Mama Mkaa alikuwa amekimiliki bila hati. Mlango wa barabarani ulifunguliwa asubuhi ukafungwa watu wakienda kulala. Kati ya sebule na chumba cha kulala lilining’inia pazia la maua, jepesi, lililokuwa limesikia mambo mengi.

Kiwembe alipoingia, Mama Mkaa alianza kuchunguza dari kana kwamba ameipenda kuinunua.

“Mmeshapata,” Kiwembe akasema, akicheka kidogo. “Shikamooni nyote mlioshika habari.”

“Marahaba, shemeji. Habari gani? Sisi tunazungumzia mvua.”

“Mvua yenye vidato.”

Akapita chumbani. Bi Sebule akamfuata, akamkuta amesimama mbele ya kitanda, mkono wa kushoto ukihangaika na vifungo, ule wa kulia ukining’inia kama mkono wa koti. Hakuuliza. Alimfungua shati, akalitoa kwanza upande mzima, kisha taratibu ule upande mwingine. Bega lilipoguswa, mume alivuta pumzi kwa meno.

“Tangu lini haliinuki kabisa?”

“Linainuka. Linafika hapa.” Akaonyesha, mkono ukaishia usawa wa kifua. “Huko juu ndiko kuna pingamizi.”

Kisha akamwambia lililobaki, akiangalia sakafu. Kibanda kile kilikuwa cha Bosi Mdogo sasa, mtoto wa mwenyewe wa zamani. Anapiga rangi mpya, analeta viti vipya vya ngozi. Kiti cha dirishani kimeahidiwa Staili, kijana anayewachora watu nyota na radi vichwani.

“Mimi nitakaa mlangoni. Nipokee wateja. Nigawe magazeti, nitundike makoti.”

“Bosi Mdogo kasema hivyo? Yule uliyemnyoa nywele za utotoni?”

“Kasema kwa adabu. ‘Mzee, rangi ikikauka tutaangalia mkono wako. Ukiwa umepona, kiti chako. Haujapona, upumzike.’” Kiwembe akajaribu tena kucheka, safari hii hakikutoka kitu. “Nitakuwa mlango wenye miguu, mke wangu.”

*

Mtaalamu wa viungo kule zahanati alikuwa mwanamke kijana mwenye mikono ya mpiga makasia na sauti ya mtu anayependa kazi yake. Alimgeuza Kiwembe mkono huku na huku, akaupandisha, Kiwembe akaisalimia dari.

“Bega limeganda, mzee. Halijafa, limenuna. Tutalibembeleza.”

Akawaonyesha mkanda mpana, laini, uliojaa vijitaa vidogo upande wa ndani. Akabonyeza, vikawaka vyekundu kama makaa ya pasi.

“Kuna mwanga huu mnaouona na mwingine humohumo msiouona. Unawekwa kwenye ngozi tupu, karibu kabisa, kila siku bila kuruka. Macho msiyaelekeze humo. Kuna wanaotulia sana, kuna wanaotulia kidogo, na kuna wanaorudi wakaniambia hawakuona kitu. Sikuahidi muujiza. Lakini maumivu yakipungua, ndipo unapata nafasi ya mazoezi, na mazoezi ndiyo dawa yenyewe. Simama karibu na ukuta, vidole viupande kama buibui. Kila siku juu kidogo. Mwanga unakuwashia njia tu, mzee. Kutembea ni kwako.”

Bi Sebule aliitikia kila neno kwa kichwa. Kisha wakatoka, na pale mlangoni akakutana na mwanamke aliyemfahamu zamani, wakakumbatiana, wakaulizana watoto, na nusu ya maneno ya mtaalamu yakabaki palepale mlangoni. Alichokwenda nacho nyumbani ni mwanga.

Mkanda ulipatikana kwa wifi yake, dada wa Kiwembe, mtunza stoo katika duka la vifaa vya hospitali. Mwanamke mkavu, hana maneno ya ziada hata ya kukopa. Alikuja nao mwenyewe ndani ya boksi, akauweka mezani, akauwekea mkono juu.

“Wifi. Hii ni ya kaka yangu.”

“Ahsante, wifi yangu, Mungu akuzidishie.”

“Umesikia nilivyosema? Ya kaka yangu.”

“Sasa mimi nitaila?”

*

Siku ya kwanza mkanda uliwaka chumbani, begani kwa mwenyewe. Nuru nyekundu ikapenya pazia la maua, ikamwagika kwenye ukuta wa sebule. Mama Mkaa akanyamaza katikati ya neno, jambo lisilo na historia.

“Mnachoma nini humo?”

“Bega la mume wangu. Ni mwanga wa tiba. Kijua kidogo cha kufunga mwilini.”

“Kijua,” Mama Mkaa akarudia, akilipima jina kama anavyopima debe. Akajishika goti. “Kama bega kinaliweza, goti kitalishindwa? Goti si bega la mguu tu?”

Bi Sebule hakuwahi kujifunza kusema hapana. Alilisikia kwa wengine, akaliona neno la watu wenye milango iliyofungwa. Basi kesho yake, mume akiwa kazini, Mama Mkaa alikuwa wa kwanza, ameinua upindo wa gauni mpaka gotini na kumwamuru Fundi Pindo ageukie ukutani. Fundi Pindo, mshonaji, hakuwa amekuja kuona goti la mtu. Alikuja na shingo yake, ambayo miaka ya kuinamia cherehani ilikuwa imeipinda mbele kama ya kobe anayeuliza njia. Baada yake akaja Jirani wa Ukuta, aliyeitwa hivyo kwa kuwa nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja mwembamba na hakuna kilichompita.

“Wewe unaumwa wapi?” Mama Mkaa akamuuliza.

“Siumwi popote. Nazuia.”

Sebule ilicheka mpaka benchi likalia. Siku zilizofuata ikajaa kuliko kawaida yake. Watu walileta viwiko, viuno, vifundo vya miguu, na pamoja navyo habari zote za mtaa, maana hakuna mtu anayekaa kimya akiwa amefungwa taa mwilini. Nani kahama, nani karudi, nani kanunua kochi na halipiti mlangoni. Fundi Pindo aliapa kwamba sasa anaweza kumwona mteja usoni. Mama Mkaa alisema goti limepungua kelele, ila likasikia hasira mvua ilipokaribia. Jirani wa Ukuta alisema hakuna kilichoanza kumuuma, kwa hiyo kinafanya kazi.

“Mgeni njoo, mwenyeji apone,” Bi Sebule alisema akigawa chai, na uso wake ulikuwa umefunguka kama mlango wake.

Sasa, Kijua kilikuwa na chaji, na chaji ya Kijua ilikuwa kama maji ya mtungi. Hujui imebaki kiasi gani mpaka kata igonge chini. Umeme wa mtaa nao ulikuja na kuondoka kwa hiari yake. Jioni Kiwembe alirudi, akasalimia, akatania, na mkewe akamkabidhi mkanda ungali na joto la shingo ya mtu.

“Kachome bega, mume wangu. Nawasindikiza hawa mara moja.”

Kusindikiza kwake kulikuwa ziara nyingine. Alipita kila kibaraza. Akirudi anakuta mkanda umeshatundikwa kwenye soketi na mume amevaa fulana.

“Vipi leo?”

“Kimenituliza.”

Na yeye akaridhika, akaenda kuosha vikombe.

*

Kule kwenye kibanda cha kinyozi, ukuta wa kwanza ulipakwa, kisha wa pili. Fundi Pindo alileta habari hizo sebuleni bila kujua ni habari mbaya kiasi gani, akiwa amefungwa Kijua shingoni.

“Leo nilikuwa pale. Mashine ilimponyoka Kiwembe, ikaanguka sakafuni, pa! Watu wote kimya. Bosi Mdogo akaja, akaiokota, akaipuliza nywele, akampa Staili.”

“Akasema nini?”

“Hilo ndilo lililoniuma, jirani. Hakusema neno. Angegomba ingekuwa afadhali. Kisha mumeo akachukua ufagio, akafagia nywele za kichwa alichokianza yeye.”

Bi Sebule aliweka birika chini.

“Na Mwalimu bado anavaa kofia,” Jirani wa Ukuta akaongeza. “Nasikia Staili alimwambia, mzee, kaa nikurekebishe. Mwalimu akamjibu, kichwa hiki kina kinyozi wake.”

“Lakini Kijua kinamsaidia,” Bi Sebule akasema. “Kila jioni ananiambia.”

Mlangoni alikuwa amesimama wifi yake, mkoba mkononi. Alikuwa amepita tu kumwona kaka. Akaangalia shingo ya Fundi Pindo iliyovaa wekundu. Akaangalia Mama Mkaa aliyeshika zamu inayofuata, upindo umeshapanda. Akaangalia benchi zima. Aliwasalimia wote, mmoja mmoja, kwa heshima inayotosha kumkata mtu.

“Mgeni njoo, mwenyeji apone,” akasema taratibu. “Wageni nawaona, wifi. Mwenyeji yuko wapi?”

“Karudi sasa hivi kwa mlango wa uani, yuko ndani.”

“Anapona?”

“Anapona! Kwani wifi unanionaje? Unadhani namnyima mume wangu? Fundi, fungua shingo hiyo, lete hapa.” Akauchukua mkanda, akauingiza chumbani, akamkabidhi mume, akatoka. Wageni, kwa kuwa hawakuwa wajinga, walikumbuka wote kwa pamoja kwamba wana shughuli makwao. Bi Sebule akabaki na wifi yake, wakitazamana juu ya vikombe vitupu, hata kusindikiza hakusindikiza.

“Nikimwita hapa akasema kwa mdomo wake, utaniomba radhi?”

“Nitakuomba radhi na kupiga magoti.”

Bi Sebule akalishika pazia la maua, akalifunua, tayari kumtoa shahidi wake.

Chumbani kulikuwa na kigiza cha magharibi. Kiwembe alikaa pembeni ya kitanda, fulana imetolewa mkono mmoja. Mkanda alikuwa ameuzungusha begani vizuri, ameufunga kwa meno na mkono wa kushoto. Na mkanda ulikuwa umezima. Hapakuwa na hata nukta moja ya wekundu. Yeye alikuwa amefumba macho, ametulia, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

“Kimezima,” Bi Sebule akasema.

Mume akashtuka, akaufunika mkanda kwa kiganja. “Kinapumzika.”

“Kimezima tangu lini?”

“Leo kiliwaka kidogo. Kikakonyeza.”

“Sikuulizi leo.”

Kiwembe akaangalia miguu yake. “Tangu Fundi Pindo alipoanza kuleta shingo.”

Mkewe akakaa chini, sakafuni, si kwamba alichagua. “Na wewe kila jioni unakaa humu na mkanda uliokufa. Unangoja nirudi. Kwa nini hukusema?”

“Niseme nini? Nikusikie huko nje unacheka, nitoke niwaambie watu wachukue magoti yao waende? Kwetu tulikula kimya, mke wangu. Ukisikia kijiko cha mwenzako unaruka. Nyumba hii yenye kelele niliioa kwa hiari yangu.”

“Na kiti chako?”

“Kiti ni kiti,” akasema, lakini sauti ilijikwaa kwenye neno la mwisho. Akajaribu kulifunika hilo nalo. “Isitoshe nilidhani labda nguvu inabaki humo hata kikizima. Kama pasi.”

Bi Sebule alicheka, na katikati ya kicheko kile machozi yakapata njia. Alimfungua mkanda, akaulaza pajani kwake, akaukunja na kuukunjua. Aliporudi sebuleni, wifi yake alikuwa bado amesimama.

“Haya. Kasemaje?”

“Kasema mimi ni mjinga.”

“Kaka yangu hawezi kusema hivyo.”

“Hakusema. Nimemsikia tu.”

Wifi akaweka mkoba chini, akakusanya vikombe, akaenda kuviosha. Kwa mwanamke yule, hilo lilikuwa kumbatio.

*

Siku iliyofuata mlango wa Bi Sebule ulifungwa mchana, na mtaa ukadhani pana msiba.

Mama Mkaa alikuja, akausukuma, haukusukumika. Fundi Pindo akaja na shingo yake. Wakasimama kibarazani wakiuangalia mlango kama watu walioona mto umekauka. Jirani wa Ukuta akatoka kwake, kidole mdomoni.

“Wamo. Nasikia ukuta unakwaruzwa.”

Walikuwamo. Bi Sebule alikuwa amerudi kwa mtaalamu asubuhi peke yake, na safari hii alipita mlangoni bila kumtazama mtu. Maneno yote aliyoyaangusha mara ya kwanza aliyaokota, na moja jipya juu yake. Kijua kilikuwa kimekesha kwenye soketi. Kiwembe alikuja nyumbani saa ambayo kibanda huwa hakina watu, akawashiwa kikamilifu, ngozi tupu, mpaka bega likalegea. Kisha akasimamishwa ukutani. Vidole vikapanda kama buibui mzee, vikasimama, vikatetemeka.

“Panda.”

“Nimefika.”

“Hujafika. Hapo ni mwanzo wa mtaa. Panda.”

Nje, Mama Mkaa akagonga. “Shoga! Leo sebule ina kufuli?”

Dirisha likafunguka ufa. “Mwenyeji anapona. Kikibaki chaji, nitawaita.”

“Kikibaki! Yaani sisi makombo?”

“Ndiyo, shoga. Makombo.”

Ufa ukafungwa. Bi Sebule aliegemea dirisha. Ndilo neno gumu kuliko yote aliyowahi kumtamkia mgeni.

Mama Mkaa alinuna. Hakuonekana kesho yake wala siku iliyofuata. Kigoda kilikaa peke yake, na kila aliyeingia baada ya mlango kufunguliwa alikizunguka, hakuna aliyethubutu kukikalia. Kisha mchana mmoja mlango ukagongwa kwa kiganja kizima.

“Fungueni! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimekuja kuchukua jembe langu.”

Alipofunguliwa, alikuwa ameshika kipande cha mkaa. Alimpita Bi Sebule bila salamu, akaenda ukutani, akachora mstari pale vidole vya Kiwembe vilipogota.

“Leo hapo. Kesho ukija chini ya hapo, shemeji, sikuuzieni mkaa, mtakula vibichi.”

Tangu siku hiyo wageni walirudi, lakini kwa kazi. Mama Mkaa alichora. Fundi Pindo, baada ya kuona Kiwembe anavyofunga mkanda kwa meno, aliushonea kitambaa cha kunasa, cha kufungwa kwa mkono mmoja. Jirani wa Ukuta hakuhitaji hata kuja. Aliposikia vidole vinakwaruza aligonga kutoka upande wa pili, huko juu, kumwonyesha Kiwembe anakotakiwa kufika. Kijua kilikuwa cha mwenyewe kwanza. Kilichobaki kiligawanywa, na Jirani wa Ukuta aliambiwa azuie bila mwanga.

*

Rangi ilikauka.

Michoro ya mkaa ilikuwa imepanda vizuri ukutani. Maumivu yalikuwa yamepungua kiasi kwamba Kiwembe alilala tena upande ule, na mkono ulifika usawa wa sikio lake. Hapo ulisimama. Mtaalamu alisema bega lina miezi mbele yake, halikimbizwi. Lakini Bosi Mdogo alikuwa ametoa siku, na Mwalimu Mstaafu alikuwa ametoa kichwa. “Nitakuja asubuhi,” alituma ujumbe, “nimechoka na kofia.”

Asubuhi hiyo Kiwembe alivaa shati mwenyewe, akafunga vifungo, akaondoka bila kusema. Bi Sebule akabaki ameuangalia mstari wa juu wa mkaa. Akakiinua kichwa chake na kukadiria: Mwalimu, mrefu hata akikaa, juu ya kiti kipya cha ngozi. Utosi wake ungekuwa wapi? Ungekuwa huko Jirani wa Ukuta alikokuwa akigonga. Na hapo lile neno jipya la mtaalamu likamjia, lile aliloliokota mara ya pili: kazini, usiupandishe mkono. Mshushe mteja.

Akageuka, akaiangalia sebule yake. Viti vya mito, virefu. Benchi, refu.

Mtaa mzima ulimwona akipita na kigoda cha miguu mitatu kichwani.

Kibanda kilinukia rangi. Viti vipya viling’aa, vingine vingali na nailoni zake. Mwalimu alikuwa ameshakaa kwenye kile cha dirishani, kofia kichwani, na Kiwembe amesimama nyuma yake na mashine mkononi, akiukadiria mlima. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshajua jibu.

“Mama, karibu,” Bosi Mdogo akasema. “Hicho nini?”

“Kiti.”

“Viti tunavyo, mama yangu. Tumeviagiza mbali.”

“Ni vizuri, hongera. Hiki ni cha Mwalimu.”

Staili akaguna kicheko. “Mnamnyoa au mnamkamua?”

Bi Sebule alikiweka kigoda sakafuni, chini ya dirisha, penye mwanga. Alimwangalia mumewe, na mumewe akakiangalia kigoda, kisha akaanza kutabasamu upande mmoja wa mdomo.

“Bosi,” Kiwembe akasema, “hata wewe kichwa chako cha kwanza nilikinyolea chini hivyohivyo. Mama yako kakaa kwenye kigoda, kakupakata. Ulilia mpaka ukanitapikia.”

“Mzee, wateja wapo,” Bosi Mdogo akasema haraka.

Mwalimu Mstaafu akasimama. Alikizunguka kigoda, akajikunja kwa vituo, goti, kiuno, mgongo, mpaka magoti yake yakawa karibu na masikio.

“Maisha yangu yote nimewainamia watoto wa watu,” akasema. “Leo na mimi niinamishwe.” Akavua kofia.

Vidato vilikuwa vimeota nywele, lakini vilikuwapo. Mashine ikaunguruma. Kiwembe alianzia kisogoni, kama zamani, akapanda. Utosi wa Mwalimu ulikuwa chini ya kifua chake sasa. Mkono ulipoanza kutetemeka aliupumzisha, akapuliza nywele kama anayezitafakari, akaendelea. Staili mwenyewe aliacha kazi yake akawa anatazama, mteja wake na nusu ya nyota. Bi Sebule alisimama mlangoni akishika kofia ya sufi.

Ilipokwisha, Mwalimu aliomba kioo cha nyuma. Alikuwa chini mno kwa vioo vya ukutani. Bosi Mdogo akachukua cha mkononi, akachuchumaa na suruali yake mpya kwenye nywele zote zile, akakishika. Mwalimu akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto, akapitisha kiganja kuanzia shingoni mpaka utosini.

“Hapana kidato,” akasema. “Mdudu leo atateleza.”

Hapo ndipo kibanda kizima kilipolipuka kwa kicheko, na Bi Sebule akajua kwamba maneno ya Mama Mkaa yalikuwa yamefika mbali kuliko mkaa wake. Bosi Mdogo alisimama, akajipangusa, akakivuta kiti cha ngozi kutoka dirishani, akakisukumia upande wa Staili.

“Kigoda kibaki hapo, mzee,” akasema bila kumtazama Kiwembe machoni. “Mpaka mkono utakapotaka kiti.”

*

Jioni Mama Mkaa aliingia sebuleni akizungumza tangu kibarazani, akateremsha makalio kwa mazoea, akakuta hewa. Aliwahi kushika ukuta.

“Kigoda changu kiko wapi?”

“Kiko kazini.”

“Kazini! Na mimi nikae wapi, na goti hili?”

Bi Sebule akajisogeza kwenye kiti chake cha mito, akabaki na upande mmoja, akapiga kiganja ule uliobaki. “Njoo hapa. Tubanane.”

“Hatuenei.”

“Tutaenea. Vuta pumzi.”

Wakabanana, kiti kikalia, na Bi Sebule akamdokezea ya kigoda na ya nusu nyota. Nyuma ya pazia la maua wekundu ukawaka, ukatambaa ukutani juu ya michoro ya mkaa. Mama Mkaa alifungua mdomo kuuliza zamu yake, akaufikiria, akaufunga.

“Basi nisimulie,” akasema. “Hicho cha Staili, nusu nyota, kilikuwa kichwa cha nani?”